UZI: Kampuni zinazojivika kilemba cha ukoka, je, serikali mtandao inazivua?

Mleta uzi (MizaniYaHewa)

Wakuu, naomba tuijadili mada hii kwa vipimo. Ninaposema kampuni "inajipaka kijani" namaanisha inatangaza utunzaji wa mazingira mkubwa kuliko ule inaoufanya. Swali langu: serikali ikihamishia vibali, taarifa za uchafuzi, kodi na ukaguzi kwenye mifumo ya kidijitali, ujanja huu unapungua kweli, au unahama tu sura?

Msimamo wangu ni huu. Kampuni kubwa huandika habari zake mara mbili. Kwanza inamwandikia mteja na mwekezaji, kwenye ripoti ya uendelevu yenye picha za misitu. Kisha inaiandikia serikali tani ngapi zimetoka kwenye dohani na taka ngapi zimepelekwa wapi, na hapo ikidanganya kuna faini au kesi. Zamani maandishi hayo mawili hayakuwahi kukutana, kwa kuwa la pili lilifungiwa kwenye jalada la karatasi. Pengo kati yake ndiko ujanja unakoishi.

Marekani walilifungua jalada hilo mapema. Baada ya maafa ya gesi ya Bhopal mwaka 1984, sheria ya mwaka 1986 ilianzisha daftari la kemikali za sumu linaloitwa TRI. Kiwanda chenye wafanyakazi 10 au zaidi, katika sekta zilizotajwa, kikitengeneza au kusindika zaidi ya pauni 25,000 za kemikali iliyoorodheshwa kwa mwaka (kama kilo 11,340), au kikitumia kwa namna nyingine zaidi ya pauni 10,000, kinaripoti ifikapo Julai 1, na umma unasoma. Ulaya wana daftari la soko la hewa ukaa (kampuni hununua na kuuza haki za kutoa hewa hiyo) tangu 2005: kila mtambo unaohusika unaleta tani zake zilizothibitishwa kila mwaka ifikapo Machi 31. China, kanuni za kuweka wazi taarifa za mazingira za kampuni zilianza kutumika Februari 8, 2022.

Kwa hiyo vifaa vipo. Ninachotaka tuchambue ni pale vinapokatika.

KaraniWaData

Vinakatika kwenye jina la kampuni, mkuu, kabla hata hujafika kwenye kemia.

Ripoti ya uendelevu inatolewa na kampuni mama. Kibali cha dohani kinashikwa na kampuni tanzu. Daftari la kodi lina jina la tatu, na zabuni ya serikali imeombwa na tawi. Ukijaribu kuunganisha kwa majina unapata takataka: mmoja kaandika kifupisho, mwingine jina kamili, na wa tatu bado anatumia jina la kabla ya kampuni kununuliwa. Serikali inaweza kuwa na mifumo kumi inayong'aa na isiweze kujibu swali dogo kabisa: kampuni hii, kwa jumla, imetoa tani ngapi?

Dawa yake ni namba mbili zisizobadilika. Ya kwanza ni ya taasisi. Ipo tayari ile LEI, namba ya kimataifa ya utambulisho wa taasisi, yenye tarakimu na herufi 20 chini ya kiwango cha ISO 17442, na hifadhi yake ya dunia inaonyesha pia mzazi wa moja kwa moja na mzazi wa juu kabisa. Ya pili ni ya mahali, yaani kiwanda chenyewe, na namba hiyo isife kiwanda kinapouzwa. EPA, shirika la mazingira la Marekani, inayo ya namna hiyo, ndiyo inayoshona kibali cha hewa, cha maji na cha taka ngumu kwenye ukurasa mmoja wa mfumo wao wa ECHO, ambapo unaona hali ya ufuataji sheria kwa robo mwaka 12 zilizopita.

Anayejenga mfumo mpya aanze hapa. Kila fomu, iwe ya kibali, ya zabuni au ya ruzuku, ikatae kupokelewa bila namba hizo mbili. Kuzibandika baadaye kwenye rekodi za miaka 15 ni kazi ya mikono, na kila kosa utakalofanya wakili wa kampuni atalitumia kuangusha hesabu nzima.

Jambo la pili ni umbo la data. Ripoti ya PDF yenye kurasa 200 imewekwa mtandaoni, ni kweli, lakini mashine haiisomi vizuri. Ndiyo maana viwango vipya vya taarifa za uendelevu, vya Ulaya na vile vya kimataifa vya IFRS (taasisi ya viwango vya taarifa za fedha) vya mwaka 2023, vimetengenezewa kamusi ya lebo za XBRL: kila namba inabeba lebo inayosema ni nini, ya mwaka gani, kwa kizio gani. Tani na kilo zikichanganywa, mashine inagundua kwa sekunde. Na toeni faili zima la kupakua. Ukurasa wa kutafuta kiwanda kimojakimoja hauwasaidii wachunguzi.

Dohani

Namba zikishaungana bado kuna swali la nani kashika kipimo. Niruhusuni niende kwa undani maana hapa ndipo watu wengi wa sera hupita haraka.

Serikali nyingi sasa zinadai vihisi vya kupima moshi muda wote, data iende moja kwa moja kwenye seva ya wizara. Watu wakiona mstari unacheza kwenye skrini wanadhani ndio ukweli. Mstari huo unaweza kuharibiwa kwa njia nne ninazozitaja kwa sababu kila moja ina alama yake kwenye data.

Njia ya kwanza ni oksijeni. Kiwango cha uchafu hakisomwi kibichi. Kinasahihishwa ili kampuni isipunguze namba kwa kuchanganya moshi na hewa safi. Kanuni ni: kiwango sahihi = kilichopimwa × (21 − oksijeni ya rejea) ÷ (21 − oksijeni iliyopimwa). Hiyo 21 ni asilimia ya oksijeni kwenye hewa ya kawaida, na rejea, yaani kiwango kilichopangwa na kanuni, kwa boila za makaa kwa kawaida ni asilimia 6. Tuseme umepima miligramu 60 kwa mita ya ujazo na oksijeni ni asilimia 15. Hesabu ni 60 × 15 ÷ 6, yaani 150. Sasa kihisi cha oksijeni "kikirekebishwa" kisome asilimia 9, hesabu inakuwa 60 × 15 ÷ 12, yaani 75. Kihisi cha uchafu hakijaguswa, na namba imekatwa nusu. Kwa hiyo wizara ikipokea thamani iliyokwisha kusahihishwa peke yake, imejifunga macho. Idai thamani mbichi, oksijeni, joto, unyevu na kasi ya moshi, kila moja kwenye safu yake. Oksijeni ya asilimia 9 wakati mzigo wa boila ni mdogo na feni zinavuta hewa nyingi haikubaliki kirahisi.

Ya pili ni kupunguza upeo wa kipimo. Kifaa kinawekwa kiishie miligramu 100, na chochote zaidi kinaandikwa 100. Kwenye grafu utaona paa tambarare.

Ya tatu ni kuvuta sampuli karibu na hewa ya nje, au kuelekeza mrija kwenye mtungi wa gesi ya kurekebishia. Hapo mtikisiko wa data unakufa. Moshi wa kweli hauwezi kukaa saa sita bila kubadilika hata kwa asilimia moja huku uzalishaji wa umeme ukipanda na kushuka.

Ya nne ni kifaa "kuharibika" siku ambazo mambo ni mabaya. Hii Marekani waliizibia vizuri kwenye kanuni za vihisi vya mitambo ya umeme. Saa isiyo na data haiachwi tupu. Inajazwa namba, na namba hiyo inazidi kuwa mbaya kadiri kifaa kinavyokosekana: upatikanaji (sehemu ya saa ambazo kifaa kilitoa data) ukishuka chini ya asilimia 95 thamani ya kujazia inapanda, chini ya 90 inapanda tena, na chini ya 80 unaandikiwa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana. Ghafla kila mwenye mtambo anakuwa na vipuri stoo.

MizaniYaHewa

@Dohani hii ya kujazia namba mbaya naikubali, ila ina makali pande mbili. Soko la hewa ukaa la China lilianza biashara Julai 2021 kwa mitambo ya umeme. Mtambo usiopima kaboni iliyomo kwenye makaa yake ulilazimika kutumia thamani ya adhabu, 0.03356 tani za kaboni kwa kila gigajuli ya nishati. Makaa ya kawaida ya bituminasi, kwa mwongozo wa IPCC (jopo la kisayansi la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi), yako kwenye 0.0258. Pengo ni kama asilimia 30, na kila tani ni fedha. Matokeo yake? Machi 2022 wizara ya mazingira ilianika hadharani kampuni za ushauri na upimaji zilizoghushi ripoti za maabara na kubadilisha sampuli za makaa. Baadaye thamani hiyo ilishushwa hadi 0.03085.

Adhabu ilikuwa sahihi katika nia yake, lakini ilihamisha kishawishi kutoka kwenye kihisi kwenda kwenye cheti cha maabara, na cheti kilikuwa karatasi iliyopigwa picha. Ukiweka namba ya adhabu, weka pia njia ya sampuli: namba ya mfuko, saa ya kuchukuliwa, uzito, faili ghafi la mashine ya maabara, na vyote vipandishwe kwenye mfumo mwezi huohuo, visisubiri mwisho wa mwaka.

Mhakiki

Na nani anamlipa mpimaji? Hilo ndilo naona mnalizunguka.

Gujarat, India, lilifanyika jaribio kati ya 2009 na 2011 likihusisha viwanda 473. Kwa utaratibu wa kawaida kiwanda kilimchagua na kumlipa mkaguzi wake. Ripoti za vumbi zilirundikana chini kidogo tu ya kikomo cha miligramu 150 kwa mita ya ujazo, na asilimia 29 ya taarifa za wakaguzi zilisema kiwanda kimefuata kikomo hicho wakati hakikufuata. Kwa kundi la jaribio mambo manne yalibadilishwa: mkaguzi alipangwa kwa bahati nasibu, alilipwa kutoka mfuko mmoja kwa kiwango kisichobadilika, vipimo vyake vilirudiwa kwa kushtukiza, na mwaka wa pili akaongezewa malipo kulingana na usahihi. Ripoti zikawa za kweli zaidi, na viwanda vyenyewe vikapunguza uchafuzi.

Mfumo wa kidijitali unafaa sana kwa kazi hii ya kuchosha: kupanga wakaguzi kwa bahati nasibu, kushika malipo, kuchagua asilimia fulani ya ripoti zirudiwe. Hauhitaji teknolojia ya ajabu. Nashangaa ni mara chache kiasi gani unaukuta.

Mgeni wa jukwaa (Mwanafunzi_Sera)

Wakuu shikamooni. Nimesoma tafiti kadhaa zinazosema miji yenye serikali ya kidijitali ina kampuni chache zinazojipaka kijani. Je, tuziamini?

Takwimu

Marahaba. Angalia kwanza walipima nini. Tafiti nyingi za aina hiyo zinachukua alama ya kiasi ambacho kampuni *imesema* kuhusu mazingira na jamii, kutoka kwa mtoa alama mmoja, kisha zinatoa alama ya *utendaji* kutoka kwa mtoa alama mwingine. Tofauti ikiwa kubwa, kampuni inaitwa laghai. Tatizo ni kwamba watoa alama wenyewe hawakubaliani: uchambuzi unaojulikana sana wa mashirika sita ulikuta uwiano wa wastani wa 0.54 (1 ni kukubaliana kabisa), kuanzia 0.38 hadi 0.71. Kwa hiyo sehemu ya "ulaghai" unaopimwa ni ugomvi wa watoa alama. Isitoshe, alama ya utendaji mara nyingi hutegemea kilichotangazwa na kampuni yenyewe.

Halafu kuna uwezekano mwingine: kampuni ikiona inachunguzwa inaweza kunyamaza. Pengo linapungua kwenye hesabu, moshi uko palepale. Utafiti usiotenganisha "imeacha kusema" na "imeanza kutenda" haujajibu swali lako.

Mimi naamini zaidi ushahidi wa kipimo halisi. China ilipobadilisha vituo vya hewa vya miji, data ikaenda moja kwa moja bila kupitia mikono ya watu wa eneo husika, PM10 (chembe ndogo za vumbi hewani) iliyoripotiwa ilipanda kwa asilimia 35 mara moja na ikabaki huko. Hewa haikuchafuka siku ile. Taarifa ndiyo iliyosahihika. Na huko Marekani, sehemu ambazo vichujio vya vumbi hupima siku moja kati ya sita, picha za setilaiti zilionyesha hewa ni mbaya zaidi kwa asilimia 1.6 siku zisizopimwa. Ratiba ya kupima ilikuwa inajulikana. Tofauti ni ndogo lakini inaonyesha kitu: upimaji unaotabirika unatengeneza tabia ya siku ya kupimwa.

Kwa hiyo jibu langu kwako: serikali mtandao inayoondoa mkono wa mtu mwenye maslahi kati ya kipimo na umma ina ushahidi mzuri. Serikali mtandao inayohesabiwa kwa idadi ya huduma zilizoko mtandaoni, mimi siwezi kukuahidi chochote.

Kanuni

Upande wa sheria. Data inaweza kuonyesha uongo na bado kusiwe na kosa, kama tangazo lenyewe halina maana. "Rafiki wa mazingira" haipimiki, kwa hiyo haipingiki. Tume ya Ulaya ilipochunguza madai ya kijani mwaka 2020 ilikuta asilimia 53 ni ya kuelea, yanapotosha au hayana msingi, na asilimia 40 hayana ushahidi kabisa. Direktivu ya Ulaya ya 2024/825, yenye tarehe ya kuanza kutumika ya Septemba 27, 2026, inapiga marufuku maneno hayo ya jumla yasipokuwa na utendaji uliotambuliwa rasmi, na inakataza kusema bidhaa "haina athari ya hewa ukaa" kwa kutegemea vocha za fidia, yaani kulipia upunguzaji unaofanywa na wengine. Uingereza, mamlaka ya ushindani tangu Aprili 6, 2025 inaweza kutoza yenyewe faini ya hadi asilimia 10 ya mauzo ya dunia bila kuanzia mahakamani.

Kesi zinazoshinda huwa na tangazo linalopimika. Australia, mwaka 2024, mahakama iliiamuru Vanguard kulipa dola za Australia milioni 12.9. Mfuko wao wa hati fungani ulitangazwa kuwa umechujwa kimaadili, kumbe kwa thamani asilimia kama 74 ya hati zake hazikuwa zimechunguzwa.

Ushauri wa vitendo kwa wanaokusanya ushahidi: tangazo la mtandaoni linaweza kufutwa ndani ya dakika. Hifadhi ukurasa mzima pamoja na anwani yake, saa na eneo la saa, kisha toa alama ya SHA-256 ya faili (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa) na uitume kwa mtu wa pili siku hiyohiyo. Picha ya skrini ya simu peke yake wakili ataichana.

Mwanafunzi_Sera

Asanteni sana. Nikitaka kukagua dai moja la kampuni mwenyewe, naanzia wapi? Tuseme wanasema "tumepunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 tangu 2019".

KaraniWaData

Andika dai neno kwa neno, kisha lidai vitu vinne: linahusu gesi zipi, mipaka ipi ya kampuni, mwaka wa msingi upi, na kizio kipi. Kizio ndicho kinachowadanganya wengi. Mfano: 2019 kampuni ilitoa tani 400,000 ikizalisha vipande milioni 1, yaani kilo 400 kwa kipande. Leo inatoa tani 420,000 kwa vipande milioni 1.5, yaani kilo 280. Kwa kipande ni punguzo la asilimia 30, la kweli kabisa. Angani kumeongezeka asilimia 5.

Halafu orodhesha kampuni tanzu kutoka kwenye hesabu za mwaka, zitafutie LEI, ushuke hadi vibali vya viwanda. Chukua tani za kila kiwanda kwa miaka ileile. Jumla yako haitalingana na ya ripoti, usikimbilie kupiga kelele. Daftari la soko la Ulaya, kwa mfano, linachukua mitambo ya kuchoma makaa, gesi au mafuta yenye uwezo wa zaidi ya megawati 20, kwa hiyo vidogo havimo, na umeme ulionunuliwa haumo. Tofauti ya asilimia 5 mimi huiacha. Ikizidi 10 naandika barua kuuliza.

MizaniYaHewa

Naongezea la umeme. Ripoti inapaswa kutoa namba mbili za umeme ulionunuliwa: moja kwa wastani wa gridi ya mahali, nyingine kwa mikataba na vyeti vya umeme safi vilivyonunuliwa. Ukiona ya pili ni sifuri na ya kwanza inapanda, vyeti ndivyo vilivyofanya kazi. Dai namba za vyeti na uthibitisho kwamba vimefutwa kwenye daftari, na uangalie ni vya mwaka gani.

Na ubia: kiwanda cha tani 200,000 ambacho kampuni ina hisa asilimia 40 kinahesabiwa tani 80,000 kwa njia ya hisa. Kwa njia ya uendeshaji kinahesabiwa 200,000 ikiwa ndiyo mwendeshaji, au sifuri ikiwa siyo. Kampuni ikibadilisha njia katikati ya miaka bila kurekebisha mwaka wa msingi, punguzo limepatikana kwa kalamu.

Dohani

Bado kuuza. Kampuni ikiuza kiwanda chake kichafu, tani zinatoka kwenye ripoti yake siku hiyohiyo, na dohani inaendelea kutoa moshi chini ya jina jingine. Mwaka wa msingi unatakiwa kushushwa kwa kiasi kilekile. Ili ulijue hilo, usitafute kwa jina la mwenye mali. Chukua orodha ya viwanda vya mwaka 2019, fuatilia kila namba ya kiwanda hadi mwaka huu, na weka safu ya "mmiliki kwa sasa" pembeni. Viwanda vilivyobadilisha mmiliki, vijumlishe peke yake. Linganisha jumla hiyo na lile punguzo lililotangazwa.